UZI: Albamu ya Dare (1981), bendi iliyobaki na mwimbaji na mrusha slaidi ikaishia namba moja

Mzee wa Santuri (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Juzi kwenye ule uzi wa bendi za zamani kuna mchangiaji aliandika kwamba bendi ikishakimbiwa na watunzi wake ni ya kuzikwa tu. Nilitaka kumjibu palepale nikaona jibu linakuwa refu, bora lipate uzi wake. Mods msiunganishe tafadhali.

Bendi ni The Human League ya Sheffield, mji wa viwanda vya chuma huko kaskazini mwa Uingereza. Hawa ni watu wa wimbi jipya, ule muziki uliochipuka baada ya panki, ile rock ya fujo ya magitaa, kuanza kuchoka, ila wenyewe walikuwa na msimamo wao mkali: gitaa marufuku, ngoma za kupigwa kwa fimbo marufuku, sintesaiza tu, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa umeme. Walianza 1977. Martyn Ware na Ian Craig Marsh walikuwa waendesha kompyuta maofisini. Mwimbaji, Philip Oakey, alikuwa anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitali. Baadaye akaongezeka Adrian Wright, ambaye hata mwanamuziki hakuwa. Kazi yake ilikuwa kurusha picha za slaidi ukutani wakati wenzake wanapiga.

Wakatoa albamu mbili, Reproduction mwaka 1979 na Travelogue mwaka 1980. Waandishi wa muziki waliwapenda, wanunuzi hawakuwa na habari nao. Kibaya zaidi, 1979 Gary Numan alitokea nyuma yao na sintesaiza zake, akawapita kama wamesimama na kushika namba moja kwenye chati ya Uingereza. Sasa hebu fikiria mazungumzo yaliyokuwa yanaendelea kwenye chumba cha mazoezi.

Mwishoni mwa 1980 hali ya hewa ikachafuka kabisa. Ware na Oakey hawakuweza tena kuiva chungu kimoja. Ware na Marsh wakatoka, wakaunda Heaven 17. Na hao waliotoka ndio waliokuwa wanajua kupiga vyombo na kupanga muziki! Wakabaki mwimbaji mwenye nywele ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili, pamoja na mrusha slaidi.

Masharti ya talaka yenyewe sasa. Oakey alibaki na jina, lakini jina lilikuja na madeni yake yote na ziara ambayo tiketi zilikuwa zimeshauzwa. Ware na Marsh waliahidiwa asilimia 1 ya mapato ya albamu itakayofuata. Ishikeni hiyo asilimia 1, nitaidai mbele.

Naendelea baadaye kidogo.

Kinanda Kimya

Nimevuta kiti mkuu. Tiririka.

Abu Rumba

Mambo haya sisi tunayajua vizuri. Mwaka 1985 Hugo Kisima aliwachomoa wanamuziki wazito wa bendi ya dansi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, akina Muhidin Gurumo na Abel Balthazar, akaunda nao International Orchestra Safari Sound. Watu wakasema Sikinde imekwisha. Sikinde haikwisha. Kwa hiyo mleta uzi niko upande wako, ila Sikinde walibaki na wapigaji wa maana. Mrusha slaidi ni kitu kingine bwana.

Binti wa Ngamiani

Mrusha slaidi 😂😂 Endelea kaka, hapa silali.

Mzee wa Santuri

Nimerudi.

Oakey ana siku chache tu. Asipopanda jukwaani mapromota wanampeleka mahakamani. Anahitaji sauti ya juu ya kuziba pengo la Ware, akafikiria sauti ya kike. Mtu mwingine angeweka tangazo gazetini, akaita waimbaji, akawajaribu mmoja mmoja. Yeye akaenda disko.

Disko lenyewe liliitwa Crazy Daisy, hapohapo katikati ya Sheffield. Akawaona wasichana wawili wanacheza, Susan Ann Sulley wa miaka 17 na Joanne Catherall wa miaka 18. Wote wanafunzi wa sekondari. Hawajawahi kuimba popote. Alikuwa anahitaji muimbaji mmoja tu, akawachukua wote wawili kwa kuwa walikuwa marafiki wa damu na safarini wangeangaliana. Tamu zaidi ni kwamba mabinti hao walikuwa tayari na tiketi za kwenda kuwaona The Human League kwenye ziara hiyohiyo.

Wazazi ikabidi waombwe. Oakey akaenda nyumbani kwa watu, na lile nywele lake, na vipodozi usoni, kuomba binti wa miaka 17 asafiri naye Ulaya. Mimi ningekuwa baba mtu angepita dirishani. Lakini walikubali, na shule nayo ikatoa ruhusa.

Ziara ilikuwa ngumu. Mashabiki wa zamani walikuja kuwaona Ware na Marsh, wakakuta mabinti wawili wanacheza mbele. Walizomewa. Kwenye kinanda alikuwepo kijana wa kukodi, Ian Burden. Huyu mshike, ndiye atakayeanza kuleta nyimbo.

Februari 1981 wakatoa singo (santuri ya wimbo mmoja) ya kwanza ya kikosi kipya, haikuingia hata 40 bora.

Fundi Spika

Mkuu samahani nikukatishe. Mimi ni mtu wa spika na mikisa, nimefunga sauti kwenye maharusi na kumbi miaka mingi. Muziki wa mashine siuhesabu kuwa muziki. Unabonyeza kitufe, biti linakuja lenyewe, unalipwa. Bendi ni watu kupiga vyombo. Hao jamaa walikuwa wacheza disko waliopata bahati.

Kinanda Kimya

Fundi, hoja hiyohiyo ilipigwa dhidi ya Bongo Fleva miaka ya 2000 mwanzoni. "Vijana wanaimba juu ya kompyuta." Leo harusi unazofunga spika wanapiga nini?

Fundi Spika

Wanapiga wanachotaka, mimi nalipwa kwa saa. Haibadilishi hoja yangu.

Mzee wa Santuri

Fundi umenifungulia mlango mwenyewe, maana sehemu inayofuata ni ya mashine. Nitakaa hapa muda mrefu, asiyependa ufundi aruke.

Virgin, lebo yao, ile ya akina Richard Branson, ilikuwa inaona pesa zake zinazama. Mtu aliyesimamia muziki pale aliitwa Simon Draper. Akaamua hawa wanahitaji prodyuza wa kweli, akawapeleka kwa Martin Rushent.

Rushent alitoka kwenye magitaa. Ndiye aliyetengeneza santuri za The Stranglers na Buzzcocks. Lakini alikuwa ameona upepo unakoelekea, akajenga studio nyumbani kwake kijiji cha Streatley, Berkshire, akaiita Genetic, akaijaza mitambo ambayo Uingereza nzima wachache walikuwa nayo. Akina Oakey wakamletea wimbo wa The Sound of the Crowd waliokwisha kuurekodi. Akausikiliza, akawaambia wauache, wanaanza upya na mashine zake.

Kuna mashine mbili za kuzijua.

Ya kwanza ni Linn LM-1, mashine ya ngoma ya Mmarekani Roger Linn iliyotoka 1980. Mashine za kabla yake zilikuwa zinaiga ngoma kwa umeme, zinatoa zile sauti za tik-tik na pss-pss. Hii ilikuwa na sauti za ngoma halisi, zilizopigwa na mtu, zikahifadhiwa ndani kidijitali. Bei yake ilikuwa takriban dola 5,000 za wakati ule. Zilitengenezwa mia kadhaa tu dunia nzima.

Ya pili ni Roland MC-8, ya Mjapani, ya mwaka 1977. Fundi, sasa nisikilize vizuri. Unasema unabonyeza kitufe biti linakuja lenyewe. MC-8 haina kinanda. Ina vitufe vya tarakimu kama kikokotoo cha dukani. Kila noti unaiandika kwa namba: namba ya kimo cha sauti, namba ya muda wa kusubiri mpaka noti inayofuata, namba ya muda ambao noti yenyewe inalia. Noti moja, namba tatu. Besi ya wimbo mzima ni mamia ya noti. Ukikosea tarakimu moja katikati, kila kinachofuata kinateleza nje ya mstari, na wewe huoni kitu zaidi ya namba kwenye kidirisha chekundu. Ukimaliza unahifadhi kwenye kaseti na kuomba Mungu kaseti isikwame.

Halafu MC-8 haitoi sauti. Inatuma amri tu. Sauti inatoka kwenye sintesaiza nyingine, nyaya zimechomekwa huku na huku, na kila sauti inaundwa kuanzia sifuri. Sauti ya besi ukishaivuruga kuipata tena ileile ni bahati.

Rushent alikaa kwenye hayo kutwa kucha. Faida yake ilikuwa mpangilio ulionyooka kiasi ambacho binadamu hapigi. Sikiliza Love Action. Ngoma na besi zinagusana palepale, hakuna anayemsubiri mwenzake, na katikati pamebaki nafasi kubwa tupu. Kwenye nafasi hiyo ndipo anapoingia Oakey na sauti yake nzito, ile sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari huku moyo umevunjika.

Fundi Spika

Sawa, namba tatu kwa noti moja sikuijua. Kazi ni kazi. Lakini basi mwanamuziki ni Rushent, si hao.

Mzee wa Santuri

Na mimi nakaribia kukubaliana na wewe kabisa. Kwangu Rushent ndiye aliyekuwa bendi.

Mwanakwetu Kisauni

Hapo nawapinga nyote wawili. Salamu kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa kidato cha pili wimbo huu ulipokuwa ukipigwa redioni, kaka yangu aliurekodi kwa kuweka kaseti mbele ya spika na mama akikohoa ndani yake, kwa hiyo niacheni niseme.

Mashine haitungi. Ian Burden alileta miondoko. Halafu akaja Jo Callis kutoka Scotland, aliyekuwa mpiga gitaa wa The Rezillos, bendi ya panki. Mpiga gitaa! Akanyang'anywa gitaa, akapewa kinanda ambacho hakuwa akikijua. Matokeo yake akawa akipiga vitu vyepesi, vidole viwili vitatu, vile ambavyo hata mtoto anaweza kuvishika kichwani. Mtu mjuzi wa kinanda angetia madoido mengi akaharibu. Rushent angekuwa na mashine zake zote bila Callis na Burden, angetoa mlio safi usiokuwa na wimbo.

Abu Rumba

Bwana wa Kisauni umenena. Kwenye dansi vilevile, solo inayokumbukwa ni ile unayoweza kuipiga kwa mdomo.

Binti wa Ngamiani

Na wale mabinti je? Mbona wameachwa? Walikuwa mapambo?

Mzee wa Santuri

Dada, nilikuwa nakuja huko. Kwanza tuone mambo yalivyopanda.

The Sound of the Crowd ilitoka Aprili 1981, ikafika namba 12. Love Action ikafika namba 3. Open Your Heart namba 6. Hizi zote kabla ya mwaka kwisha. Jaribuni kukumbuka kwamba miezi michache nyuma walikuwa wanazomewa. Mabinti wenyewe walikuwa bado wana mitihani ya sekondari ya juu, wanapanda basi kutoka Sheffield kwenda Streatley kurekodi, wanarudi darasani.

Na kule Sheffield kulikuwa na kituko kingine. Kabla ya kuhamia kwa Rushent, The Human League na Heaven 17 walikuwa wanatumia studio ileile kwa zamu. Watu waliogombana hawasemeshani, huyu anatoka yule anaingia, kila mmoja anatengeneza albamu ya kumwonyesha mwenzake. Albamu ya Heaven 17 ilitoka Septemba 1981, nzuri sana kwa kweli, ikafika namba 14.

Dare ikatoka Oktoba 1981. Namba moja.

Kava lake mnalijua hata kama hamjui kuwa mnalijua: uso tu, umekatwa karibukaribu, juu ya weupe mtupu. Walitaka lifanane na gazeti la mitindo la Vogue. Nadhani ndiyo maana mpaka leo halijachakaa, hakuna nguo wala nywele za kukuambia ni mwaka gani.

Sasa wimbo wa mwisho, upande wa pili: Don't You Want Me.

Oakey aliupata kutoka kwenye hadithi ya gazeti la vijana. Mwanzoni ulikuwa wimbo wa mwanamume peke yake, analalamika kwamba aliyemtoa kwenye uhudumu wa baa na kumfanya nyota sasa anamkimbia. Kisha akaona ni bora mwanamke naye ajibu. Akapewa Susan Sulley, ambaye mpaka hapo alikuwa muitikiaji tu. Dada wa Ngamiani, jibu lako ndilo hili. Toa ubeti wa Sulley, kinachobaki ni mwanamume mwenye vitisho anayelia kivyake. Akiingia yule binti, kwa sauti isiyofundishwa, kavu, ya msichana wa kawaida wa Sheffield anayesema "mimi ningefika huko hata bila wewe", ndipo wimbo unasimama. Mwimbaji aliyesomea angeupamba na kuuua.

Rushent na Callis wakaukamilisha muziki wake kwa kuulainisha, wakautia utamu wa popu. Oakey aliposikia alikasirika. Aliona wimbo umekuwa mwepesi, kuliko nyimbo zote za albamu huu ndio mbovu, na ndiyo sababu ukatupwa mwisho kabisa wa santuri.

Draper akasema hiyo ndiyo singo ya nne. Oakey akagoma. Aliamini watu wamechoka kuwanunua na wimbo dhaifu utawazika. Draper hakurudi nyuma. Mwisho Oakey akakubali kwa sharti moja: kila santuri iwe na bango kubwa la rangi ndani yake, ili mnunuzi asione ametapeliwa.

Wakuu, huo "utapeli" ulitoka mwishoni mwa Novemba 1981, ukakaa namba moja wiki 5, ukashika Krismasi, ukawa singo iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka huo, na namba moja ya kwanza ya singo kwa Virgin. Uingereza peke yake nakala zilizouzwa zilipita milioni 1.

Kinanda Kimya

Na Marekani?

Mzee wa Santuri

Marekani ilichukua muda, lakini Julai 1982 wimbo ulishika namba moja kwa wiki 3. Hapo video ilifanya kazi kubwa. MTV ilikuwa imeanza Agosti 1981 na ilikuwa na njaa ya video, wakati wasanii wengi wa Kimarekani hawakuwa nazo. Waingereza walikuwa nazo. Hii iliongozwa na Steve Barron, ikapigwa usiku wa baridi huko Slough, kwa filamu ya sinema, siyo kanda ya video. Ni watu wanaotengeneza filamu, halafu unagundua anayewatazama naye yumo kwenye filamu. Barron ndiye aliyekuja kutengeneza video ya Billie Jean ya Michael Jackson na ile ya Take On Me ya a-ha. Mlango uliofunguka ndio walioingilia akina Duran Duran na wengine wote mnaowajua.

Mwanakwetu Kisauni

Usisahau Being Boiled. Ule wimbo wao wa kwanza kabisa, wa mwaka 1978, wakati wa Ware na Marsh, ulirudishwa sokoni Januari 1982 na ukafika namba 6. Watu walikuwa wakinunua kila kitu chenye jina lile.

Abu Rumba

Mleta uzi, unadaiwa asilimia 1.

Mzee wa Santuri

Sijasahau. Ware na Marsh waliondoka na asilimia 1 ya albamu ambayo kila mtu alijua haitauza. Ikauza. Wakawa wanavuna kutokana na mafanikio ya mtu waliyemkimbia, bila kupiga noti hata moja. Ware hakukaa chini kulia. Mwaka 1983 alikuwa mmoja wa waliotengeneza Let's Stay Together ya Tina Turner, iliyomrudisha mama yule kwenye chati. Kwa hiyo ukiuliza nani alishinda kwenye ile talaka, mimi sina jibu la haraka.

Rushent akapewa tuzo ya prodyuza bora wa Uingereza 1982. Mwaka huohuo akachukua nyimbo za Dare akazivunja upya kwa ajili ya kumbi za disko, kwa kukata utepe kwa wembe na kuunganisha kwa gundi, zaidi ya mara 2,000. Albamu hiyo inaitwa Love and Dancing, ikatolewa kwa jina la The League Unlimited Orchestra, utani wa Love Unlimited Orchestra ya Barry White. Fundi, kama hutaki kusikiliza Dare sikiliza hiyo, kwa spika zako kubwa, halafu njoo uniambie kuhusu kitufe.

Albamu iliyofuata walikwama. Rushent akagombana nao, akasepa katikati. Hysteria ikaja kutoka 1984 na haikufika popote karibu na Dare.

Binti wa Ngamiani

Mabinti walimaliza shule?

Mzee wa Santuri

Walimaliza. Na hawajaondoka mpaka leo. Burden alitoka, Callis alitoka, Wright alitoka. The Human League inayopanda jukwaani sasa ni Oakey, Sulley na Catherall.

Binti wa Ngamiani

Basi rekebisha kichwa cha uzi. Umemtaja mwimbaji na mrusha slaidi, wenye bendi hujawaweka.

Mzee wa Santuri

Kichwa nitaomba mods wabadilishe 😂

Fundi Spika

Nimerudi. Nimeisikiliza Dare yote, kwa spika kubwa, jirani shahidi. Ngoma ni safi, nakubali, hasa ile Love Action besi yake imekaa. The Things That Dreams Are Made Of nayo naiweka kwenye orodha yangu ya kupimia spika. Ila Oakey alikuwa sahihi, wimbo wa mwisho ndio mbovu kuliko zote.

Mwanakwetu Kisauni

Mods, mfungieni huyu.